Charles Town: mji uliofanya biashara na maharamia, alafu ukaja kuwanyonga

Ukifuatilia habari za maharamia wa Atlantiki lazima utakutana na Charles Town, bandari ya koloni la Waingereza la Carolina, leo mji unaitwa Charleston na uko South Carolina huko Marekani. Na karibu kila anayesimulia anaanzia Mei 1718. Haramia anayeitwa Blackbeard anafunga mlango wa bandari, mji unashikwa na hofu, miezi michache mbele mji unajipanga, unawakamata maharamia wengine na kunyonga karibu watu 50 kabla mwaka haujaisha. Stori inaishia hapo, wema wamewashinda wabaya.

Mimi hiyo stori nimeisoma mara nyingi na kila mara nabaki na swali lilelile, hawa jamaa Charles Town walipajulia wapi? Maana hawakuja kama wageni. Walijua fungu la mchanga liko wapi na maji yanajaa saa ngapi, walijua nani ana pesa, na miaka kama thelathini kabla ya hapo watu wa kazi hiyohiyo walikuwa wanashuka gatini pale mchana kweupe, wanauza mali, wanalala mjini, wengine wananunua kabisa ardhi, na gavana anajua. Kwa hiyo kuna kitu kilibadilika hapo katikati, na ukitafuta kwenye tabia za maharamia hutakiona kwasababu wao hawakubadilika sana. Mimi nimekikuta kwenye hesabu za mji, yaani mji ulikuwa unauza nini, unamuuzia nani, mwaka gani.

Tuanze na mji wenyewe, bila kuuona kichwani huwezi kuelewa mengine. Waingereza walifika Carolina 1670, kwanza wakakaa ng'ambo ya mto Ashley, 1680 wakahamia kwenye rasi iliyobanwa na mito miwili, Ashley huku na Cooper kule, maji pande tatu. Wengi wa wakubwa walitokea Barbados, kisiwa cha miwa ambako ardhi ilishajaa, wakaja na watumwa wao na mazoea yao. Na koloni halikuwa la mfalme moja kwa moja, Charles wa Pili aliwapa hati mabwana wanane 1663, hao ndo wenye koloni, wanasubiri kodi ya ardhi wakiwa Uingereza na Carolina kwenyewe karibu wote hawajawahi kukanyaga. Hilo la wenye koloni lishike, tutalirudia.

Kusini yao, safari ya siku chache tu kwa meli, kulikuwa na Wahispania wa St. Augustine, Florida, waliokuwepo tangu 1565, na kwa Mhispania ile pwani yote ilikuwa yake, Mwingereza ni mvamizi. 1686 Wahispania wakapanda juu wakachoma makazi ya Waskoti kule Port Royal ya Carolina na mashamba ya Edisto, yaani mlangoni kabisa mwa Charles Town. Mji ukaanza kujizungushia. Miaka ya 1690 ukajengwa ukuta wa matofali upande wa mto Cooper, alafu vita ilipoanza tena mwanzoni mwa miaka ya 1700 wakafunga na upande wa nchi kavu kwa boma la udongo na handaki la maji na daraja la kunyanyua. Ramani iliyochapishwa 1711 inauonyesha mji wote, kama ekari 62 ndani ya ukuta, kwenye kona kuna ngome za mizinga, Granville, Craven, Colleton, Carteret, yote majina ya wenye koloni, na katikati ya upande wa mto, pale barabara ya Broad inapoishia, kuna jukwaa la mizinga la umbo la nusu mwezi, linaitwa Half-Moon Battery.

Watu wakiuona huo ukuta kwenye ramani wanafikiri ulijengwa kuwazuia maharamia. Ulijengwa kwa ajili ya Mhispania na Mfaransa, na kweli 1706 walikuja wote wawili kwa pamoja wakapigwa wakarudi. Ambao walijenga ngome kwasababu ya maharamia ni hao Wahispania wenyewe, 1668 haramia Mwingereza anaitwa Robert Searle aliingia St. Augustine usiku akaua na kupora, na miaka minne tu baadaye ikaanza kujengwa Castillo de San Marcos, kwa mawe ya kombe zilizogandana, ipo mpaka leo. Na kitu kingine cha kuzingatia ni kwamba mizinga ya Charles Town ilikuwa inalinda mji, haikuwa inalinda bahari. Ili uingie bandarini unatoka bahari kuu, unavuka fungu la mchanga lililoko maili kadhaa nje ya mji, lazima uwe na rubani anayejua njia na usubiri maji yajae. Mtu akikaa nje ya lile fungu na meli yake, ukuta wako wote hauna kazi, mizinga haifiki huko. Kumbuka hili tukifika 1718.

Sasa neno lenyewe, haramia. Kwetu neno lina haramu ndani yake, limeshahukumu kabla hujamsikiliza mtu. Kwenye Atlantiki ya karne ya 17 uharamu wa kuteka meli ulitegemea karatasi. Ukiwa na kibali cha gavana kinachosema taifa letu liko vitani na Wahispania na wewe nahodha fulani umeruhusiwa kuteka meli zao, basi we ni askari wa bahari wa kujitegemea, unagawana mali na serikali na unarudi nyumbani na heshima zako. Bila karatasi, kazi ileile, meli ileile, mizinga ileile, adhabu ni kamba. Na vita vilikuwa vinaanza na kuisha huko Ulaya, habari inachukua wiki na wiki kuvuka bahari, kibali cha jana leo hakina maana, kwa hiyo kulikuwa na maelfu ya mabaharia ambao mwaka huu ni mashujaa, mwaka ujao ni wahalifu, na wao wanachojua ni kazi hiyohiyo moja.

Jamaica ndo ilikuwa nyumbani kwao kwanza, kwenye mji wa Port Royal. Lakini 1670 Uingereza na Hispania walisaini mkataba Madrid, na matajiri wa Jamaica pole pole wakaona faida iko kwenye sukari, na sukari inataka bahari tulivu. Jamaica ikaanza kuwabana. Sasa ukimfukuza mtu mwenye meli na mzigo haendi kuzimu, anaenda bandari ya pili. Bandari ya pili ikawa Carolina.

Na Carolina ya miaka ya 1680 ilikuwa masikini, hilo ndo la kuelewa. Walikuwa wanauza ngozi za kulungu walizopata kwa Wahindi wekundu, nyama na ng'ombe kidogo kwa visiwa vya miwa, mbao, na hata watu, mateka wa makabila ya pale waliouzwa utumwani visiwani. Zao kubwa la biashara bado hawajalipata, wamejaribu hiki na kile. Alafu sheria za Uingereza za meli zinawalazimisha wanunue bidhaa za Ulaya kupitia Uingereza kwenyewe, kwa meli za Waingereza, kwa bei ya wafanyabiashara wa London. Na sarafu hakuna. Koloni jipya pesa yote inatoka kwenda kulipia jembe, nguo, misumari, pombe, hairudi. We fikiria mji ambao watu wanalipana kwa ngozi na madeni yaliyoandikwa daftarini, alafu siku moja inatia nanga meli ina vifurushi vya vitambaa, sukari, pombe ya bei ya kutupa ambayo haijalipiwa ushuru, na mabaharia wenye mifuko ya riale za fedha za Kihispania wanaotaka nyama, maji, kamba mpya, fundi wa kuziba meli, na sehemu ya kulala. (Riale hizohizo ndo zilizunguka dunia nzima mpaka jina likafika kwetu pwani.) Hakuna aliyewauliza sarafu imetoka wapi. Mwenye baa alikuwa na furaha, fundi alikuwa na furaha, mwenye ng'ombe alikuwa na furaha, na mzigo ulikuwa umeibiwa kwa Mhispania, adui anayewachomea mashamba, kwa hiyo hata kanisani dhamiri ilikuwa haisumbui.

Serikali ilikuwa ndani ya hiyo biashara. Gavana wa Jamaica aliandika London kulalamika kwamba Carolina inapokea maharamia. Robert Quary, katibu wa koloni aliyewahi kukaimu ugavana katikati ya miaka ya 1680, aliondolewa kwa kosa la kuwakaribisha. 1687 koloni likapitisha sheria ya kuwadhibiti maharamia kwa shinikizo la mfalme, sheria ikawepo, biashara ikaendelea. Huyu Quary nampenda kumtumia kama mfano kwasababu miaka kama kumi baadaye unamkuta Pennsylvania, sasa ni hakimu wa mahakama ya bahari, anaandika barua kali London akilalamika kwamba watu wa huko wanawaficha maharamia. Mtu yuleyule. Alipokuwa kwenye mji ambao maharamia wanaleta pesa aliwapokea, alipopewa kazi ambayo mshahara wake unatokana na kuwakamata, akawakamata.

Miaka ya 1690 mambo yakapanuka mpaka yakafika bahari yetu. Maharamia wa Atlantiki wakagundua kwamba meli za Wahispania zina ulinzi kuliko meli za Wahindi na Waarabu kule Bahari ya Sham, wakawa wanazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wanakaa Madagascar kujaza maji na chakula, alafu wanaenda kuwinda. 1695 Henry Every aliiteka Ganj-i-Sawai, meli kubwa ya Mfalme wa Kimughal iliyokuwa inarudi na mahujaji kutoka Makka, ukatili waliofanyiwa wale watu humo ndani hauandikiki, na utajiri uliochukuliwa ulitikisa biashara yote ya Waingereza India. Mwaka uliofuata Every akatia nanga Nassau, Bahamas, na gavana wa pale akapokea chake akamwacha apite. Gavana huyo aliitwa Nicholas Trott. Jina hilo pia lishike.

Sasa kilichobadilisha kila kitu ni mpunga. Kuna masimulizi ya zamani Charles Town kwamba mbegu ililetwa na meli iliyotoka Madagascar katikati ya miaka ya 1680, nahodha akampa daktari mmoja wa mji mfuko wa mbegu. Masimulizi ni masimulizi, ila la uhakika ni kwamba waliojua kuulima mpunga ni Waafrika waliochukuliwa Afrika Magharibi, watu waliokuwa wanalima mpunga kwenye maji huko kwao vizazi na vizazi, wanajua kuzuia maji, kupanda, kutwanga kwenye kinu, kupepeta kwa ungo wa kusuka. Mabwana wa Barbados walijua miwa. Kufikia 1700 mchele ulikuwa unatoka Charles Town kwa shehena, 1705 Bunge la Uingereza likauweka kwenye orodha ya bidhaa ambazo lazima zipitie Uingereza, na mwaka huohuo likaanza kulipa ruzuku kwa lami ya misonobari ya kuzibia meli, ambayo Carolina ilikuwa nayo tele. Kufikia 1708 watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe kwenye koloni.

Angalia sasa hesabu imegeukaje. Miaka ya 1680 mji hauna shehena ya kuibiwa, haramia anakuja kuleta. Kufikia 1710 mali ya mji iko baharini, mchele na lami na ngozi zinazoenda, nguo na zana na watumwa wanaokuja, meli nzito zinazokwenda polepole na lazima zivuke lilelile fungu moja. Kila meli inayotekwa sasa ni ya mtu wa mji, au ya mwenzake London anayemdai. Haramia amebaki palepale, mali ndo imehama upande.

Na walianza kuonyesha sura mpya mapema. Kuelekea mwaka 1700 genge moja liliteka meli za Charles Town karibu na bandari, wakagombana wenyewe kwenye kugawana, Waingereza tisa wakasukumwa kwenye mashua. Wakafika nchi kavu wakatembea mpaka Charles Town, nafikiri wakiamini ni mji uleule uliokuwa unawapokea watu kama wao. Bahati mbaya kwao manahodha waliowateka walikuwa mjini, wakawatambua. Saba wakanyongwa. Mimi hilo tukio naliona ni muhimu kuliko hata Blackbeard, hapo ndo mji ulitamka kwamba hesabu imebadilika, ila hao tisa barua ilikuwa haijawafikia.

Alafu ikaja 1713, vita kubwa ya Ulaya ikaisha, majeshi ya majini yakapunguza watu, waliokuwa na vibali vya kuteka wakabaki bila kazi, mishahara ya meli za biashara ikashuka. 1715 msafara wa meli za hazina za Wahispania ukapigwa na kimbunga ukavunjika pwani ya Florida, watu wakakimbilia huko kuokota fedha, wakabaki Nassau ambako serikali ilishakufa. Mwaka huohuo Carolina ikaingia vitani na Wayamasee na makabila mengine waliochoshwa na kudhulumiwa na kuuzwa utumwani, mashamba yakateketea, mamia ya walowezi wakafa, koloni likabaki na madeni na hofu. Wakawaandikia wenye koloni London waombe msaada. Msaada wa maana haukuja.

Ndo kwenye udhaifu huo Mei 1718 Edward Teach, Blackbeard, akatokea nje ya fungu la mchanga na meli nne na watu mia tatu na zaidi. Meli yake kubwa, Queen Anne's Revenge, ilikuwa ya Kifaransa ikiitwa La Concorde, meli ya watumwa aliyoiteka karibu na Martinique Novemba 1717 ikiwa imejaa Waafrika. Kwa siku kadhaa akasimamisha kila meli inayotoka au kuingia, nane tisa hivi, kuanzia mashua ya rubani. Mateka wake mkubwa alikuwa Samuel Wragg, mjumbe wa baraza la koloni, akiwa na mtoto wake wa miaka minne. Na alichodai ni sanduku la dawa. Watu wanashangaa, ameshika bandari nzima anataka dawa? Lakini mabaharia mia tatu bila daktari wala dawa, wana vidonda, homa, kaswende, hiyo ni hatari kuliko mzinga. Meli yake ilipogunduliwa chini ya bahari 1996 walikuta humo bomba la bati la kuingizia dawa kwenye njia ya mkojo, lina mabaki ya zebaki, ndo ilikuwa tiba ya kaswende enzi hizo.

Akatuma mjini mateka mmoja, Bwana Marks, pamoja na maharamia wawili, siku mbili ziwe zimetosha la sivyo vichwa vitakatwa. Mashua ikapinduka njiani, siku zikapita, mateka kule melini wakawa wanahesabu masaa. Huku mjini gavana Robert Johnson na baraza lake wanajadiliana, hawana meli ya vita hata moja, na wale maharamia wawili wanatembea barabarani wanakunywa na watu wanaowajua. Hapo ndo unaona mji wa zamani na mji mpya vimesimama barabara moja, matajiri wanatetemeka kwa hasira na kuna watu wa baa wanaowamiminia glasi. Sanduku likapelekwa, lina thamani ya pauni mia tatu na kitu. Mateka wakaachiwa wamevuliwa karibu nguo zote, na Blackbeard akaondoka na fedha taslimu kama pauni 1,500. Hakuua mtu. Ila aliidhalilisha serikali mbele ya watu wake na hilo halikusahaulika.

Waliolipa hiyo aibu hawakuwa watu wa Blackbeard. Alikuwa na mwenzake, Stede Bonnet, bwana shamba wa Barbados aliyenunua meli kwa pesa zake 1717 akaajiri mabaharia kwa mshahara na kwenda kuwa haramia, kitu ambacho hakuna haramia mwingine alikuwa anafanya. Baada ya Blackbeard kumtosa, Bonnet akapewa msamaha wa mfalme North Carolina, akabadilisha jina la meli kuwa Royal James, akajiita Kapteni Thomas, akarudia kuteka. Agosti haramia mwingine, Charles Vane, naye akaja nje ya Charles Town, akateka meli kadhaa, moja imebeba Waafrika 90 na kitu kutoka Guinea. Nahodha mdogo wake akamtoroka na hao Waafrika, akajisalimisha kwa gavana, akapata msamaha, na wale watu wakarudishwa kwa aliyewanunua. Mimi hapa huwa nasimama. Mji unasema unapigana na wezi wa bahari, na kitu cha kwanza unachokiokoa ni shehena ya watu walioibwa. Kwenye daftari la mji yule aliyewaleta ni mfanyabiashara, aliyewachukua njiani ni mwizi, na wenyewe kina 90 hakuna aliyewauliza.

Kanali William Rhett, aliyeongoza meli za mji 1706 walipokuja Wahispania na Wafaransa, akajitolea. Meli mbili ndogo za mlingoti mmoja, Henry na Sea Nymph, mizinga minane kila moja, jumla watu 130. Septemba 26 jioni wakamkuta Bonnet ndani ya mto Cape Fear. Asubuhi ya tarehe 27 Bonnet akajaribu kuchomoka kwenda baharini, Rhett akamkatia njia, na zote tatu zikapanda mafungu. Wa pwani mnaelewa kupwelewa, maji yanakimbia chini yako, chombo kinalala ubavu na huna la kufanya mpaka bahari iamue kurudi. Henry ilikuwa karibu na Royal James umbali wa risasi ya bastola. Na zote mbili zimelalia upande mmoja, ila meli ya Bonnet imelala ubavu wake ukiwa kama ngao, watu wake wamejificha nyuma yake, na Henry imelala sitaha yote imeelekea kwa adui, wazi kama meza. Masaa matano wanapigana hivyo kwa bunduki, hakuna anayeweza kusogea. Maharamia wanapunga kofia wanawaita waje. Watu 12 wa Rhett walikufa, wengi kwenye sitaha hiyo ya Henry. Aliyekuwa anaamua ushindi ni maji, nani ataelea kwanza. Yalipojaa, ikainuka Henry. Bonnet alitaka kulipua baruti, watu wake wakamkatalia, wakasalimu amri.

Oktoba 3 wakaingizwa mjini, mji wenye ukuta na mizinga lakini hauna jela. Mabaharia wakafungiwa kwenye nyumba ya walinzi pale Half-Moon, Bonnet kwa kuwa ni bwana akawekwa nyumbani kwa afisa wa mahakama. Oktoba 24 akatoroka, inasimuliwa akiwa amevaa nguo za kike, na kuna mfanyabiashara wa mji aliyeshukiwa kumsaidia. Zawadi ya pauni 700 ikatangazwa, akapatikana Sullivan's Island kwenye mlango wa bandari. Na mjini palikuwa na fujo, kuna waliokuwa upande wake, mwendesha mashtaka akalalamika mbele ya mahakama kwamba anasikia watu wanasema Bonnet ni muungwana, ana elimu, ana mali. Kwa hiyo hata Oktoba 1718 mji haujawa na kauli moja, mazoea ya miaka thelathini hayafutwi kwa tangazo.

Aliyekaa kitini kuhukumu ni Nicholas Trott. Ndiyo, jina lile. Huyu ni mpwa wa yule gavana wa Bahamas aliyempokea Every, na pia ni shemeji wa Kanali Rhett. Kizazi kimoja ukoo unachukua mzigo wa maharamia, kizazi kinachofuata ukoo unawasomea hukumu kwa aya za Biblia. Zamani maharamia walitakiwa kusafirishwa London, kuelekea 1700 sheria ikaruhusu wahukumiwe hukohuko makoloni, hivyo Trott alikuwa na nguvu zote. Serahangi wa Bonnet, Ignatius Pell, akatoa ushahidi dhidi ya wenzake. Karibu wote wakakutwa na hatia, na Novemba 8 zaidi ya 20 wakanyongwa White Point, ncha ya rasi, nje ya ukuta. Walizikwa kwenye matope chini ya alama ya maji, ili bahari iwapitie. Wakati huohuo gavana Johnson mwenyewe alitoka na meli akapigana na genge la Richard Worley, Worley akafa, waliobaki nao wakaenda kamba ileile. Bonnet alimwandikia gavana akisema yuko tayari akatwe viungo abakizwe ulimi tu wa kusalia, na kuna watu mjini waliomlilia, Rhett mwenyewe alijitolea kumpeleka London. Johnson akakataa. Desemba 10 akanyongwa, mikononi ameshika shada la maua.

Blackbeard yeye alishakufa Novemba 22 huko Ocracoke, North Carolina, kwa msafara uliolipwa na gavana wa Virginia, Charles Town haikuhusika.

Ila mji haukumalizana hapo. Watu wakapiga hesabu, tumepigana na Wayamasee, tumepigana na maharamia, damu ni yetu, madeni ni yetu, na wenye koloni London wamefanya nini zaidi ya kudai kodi? Desemba 1719 bunge la koloni likawakataa rasmi wenye koloni, likachagua gavana wake, likaomba kuwa chini ya mfalme moja kwa moja. Robert Johnson, yule aliyewanyonga maharamia kwa niaba ya wenye koloni, akawekwa pembeni mwaka mmoja tu baada ya ushindi wake. 1721 akafika gavana wa mfalme, na 1729 serikali ikanunua hisa saba kati ya nane za wenye koloni, utawala wao ukaisha. Kuta za upande wa nchi kavu zikaanza kubomolewa miaka hiyohiyo ya 1720 na 1730, mji wa mchele ulikuwa umeshawatajirisha watu na unahitaji nafasi ya kujenga.

Sullivan's Island, pale alipokamatwa Bonnet, ilikuwa na nyumba ya karantini tangu 1707 hivi, Waafrika walioshushwa kwenye meli walikuwa wanawekwa kisiwani kabla ya kuuzwa mjini, na waliendelea kupitishwa huko karibu karne nzima. Na ukuta, kipande chake kipo. Pale mwisho wa barabara ya Broad kuna jengo la Old Exchange lililomalizika 1771, ukishuka chini kwenye ghala unakuta matofali yanapinda kwa mviringo, ndo mguu wa Half-Moon Battery. Juu ya hayo matofali ndo ilikuwepo nyumba ya walinzi ambako watu wa Bonnet walifungiwa mwezi mzima wa Oktoba, wakisikia gati lilelile ambalo watu wa kazi yao, miaka thelathini nyuma, walikuwa wanashuka na mifuko ya riale na hakuna aliyewauliza kitu.